Mkono wa Kabemba Ndani ya Bukari

Kabemba Mwenze Symphorien ni mtoto wa Mbayo, yule aliyemfuata nyati mwenye jeraha siku tatu, akavuka Lualaba ameshikilia gogo, akarudi na mkia wa nyati kiunoni. Mbayo ni mtoto wa Kalumba, aliyewalisha watu wa reli kule Tenke kwa nyama ya kuro misimu miwili mizima. Kalumba ni mtoto wa Mwenze wa kwanza, aliyetoka kaskazini kwa miguu, mama yake mgonjwa mgongoni na pembe ya uwindaji shingoni. Kabemba mwenyewe ndiye aliyemuua kiboko aliyepindua mitumbwi miwili ya Kisonge, mwaka ule maji yalipopanda mpaka kwenye mlango wa kanisa. Mimi ni dada yake mkubwa. Nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, kwa hiyo nikimsema hapa ninamsema kwa haki.

Kisonge ni kijiji chetu, upande wa pili wa mto. Sisi tunakaa Dilala, mjini Kolwezi, katika nyumba za zamani za kampuni ya madini ambako Kabemba alifanya kazi ya fundi vyuma miaka thelathini na moja. Lakini shamba letu la mahindi na mihogo liko Kisonge, na buyanga yetu iko Kisonge. Buyanga ni chama cha wawindaji. Wana kibanda chao, na ndani ya kibanda kila mwindaji ana pembe yake imetundikwa ukutani. Mwindaji akifa, pembe inashushwa na kuzikwa naye, isipokuwa ile ya Mwenze wa kwanza, iliyoachwa ukutani iwe kumbukumbu. Mwindaji akipitisha viangazi vitatu bila kuleta nyama mbele ya wenzake, pembe yake inashushwa vilevile, inazikwa peke yake, na yeye anaendelea kutembea duniani akila na kulala kama watu wengine, lakini kwenye buyanga ameshahesabiwa na wafu. Nilimwona baba mkubwa wetu akiwa hivyo. Aliishi miaka tisa baada ya pembe yake kuzikwa. Hakuwahi tena kukaa akitazama porini. Kiti chake alikigeuza, akawa anatazama ukuta.

Ndugu yangu alikuwa ameingia kiangazi cha tatu.

Sababu ilikuwa bega. Taxi-moto moja, pikipiki ya abiria, ilimwangusha kule Manika, mbele ya soko, akiwa amebeba mfuko wa misumari. Mfupa ulifungwa, ukapona vibaya. Bunduki yake ndefu, kalibre 12, inataka kuegemezwa begani, na ikilia inapiga teke. Kiangazi cha kwanza alijaribu mara moja akaanguka chali, akabaki amelala kwenye nyasi kama mtu anayehesabu mawingu. Alijaribu bega la kushoto, na jicho la kushoto halioni vizuri. Kiangazi cha pili hakujaribu.

Wakati huo nguruwe wa pori walikuwa wamejua kwamba Kabemba haji. Waliingia kwenye mihogo yetu kama watu walioalikwa harusi.

Siku moja aliniambia, kwa jina analomwitia dada mkubwa, “Yaya, mi nitatafuta revolva.”

“Ya kuiba watu?”

“Ya kuwinda. Kubwa. Ile haitake bega. Inataka mikono mbili tu, na mikono niko nayo.”

Nilimtazama. Nguruwe wa pori anawindwa kwa mbwa ndani ya matete, mahali pembamba ambapo hata bunduki ndefu haigeuki. Hapo mtu anapiga akiwa karibu kabisa, hatua nne au tano. Sikuona upumbavu katika maneno yake. Niliona hatari, ambayo ni kitu kingine.

Karatasi za ruhusa zilichukua miezi minne. Zilipotoka alienda Lubumbashi na Feruzi wa Manika, mwenye lori, ambaye baba yake alitoka Maniema akiuza vitenge. Yaliyotokea huko nilielezwa na Feruzi, maana ndugu yangu husema kwa kipimo, na Feruzi hajui kunyamaza.

Muuza silaha aliweka revolva tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, nzuri, inang'aa. Ya pili ya katikati. Ya tatu ilikuwa nyeusi, mtutu mrefu, nzito kama chupa ya maji ya lita moja na nusu. Zote zilikula risasi ya aina moja, nene kama ncha ya kidole changu kidogo.

Feruzi akamwambia, “Tata Kabemba, kamata ile nyepesi. Weye iko mugonjwa. Ile nyeusi ni ya kusimamisha lori yangu.”

Kabemba alinyoosha mikono na kila moja, akahesabu pumzi zake. Halafu akaomba kuzijaribu. Wakapelekwa nyuma ya machimbo ya mawe, mahali palipoachwa kwa kazi hiyo. Alipiga ile nyepesi mara moja. Mtutu ukaruka mpaka ukatazama mbinguni, na Feruzi akaruka pia, nyuma ya gari. Akapiga ile nyeusi mara moja. Ilipanda, lakini polepole, kama mtu mnene anayeinuka kitini.

“Ile nyepesi inanipiga,” Kabemba akasema. “Hii inanisukuma. Natwaa hii.”

Wote walishangaa kwamba mgonjwa amechagua mzigo. Lakini fikiria: risasi ni ileile, nguvu ni ileile. Uzito wa chuma unaimeza nguvu hiyo kabla haijafika mkononi. Mtu akikusukumia gari tupu na akikusukumia gari lililojaa, lipi litaruka?

“Sawa,” Feruzi akasema, “lakini ukiua huyo ngulube, mi usinipe ata harufu yake. Nitakuja kula kuku.”

Basi kuchagua alichagua vizuri. Alikosea nyumbani, na alikosea kwa namna ambayo ni mtu wa Kolwezi tu angeweza kukosea.

Kishikio cha revolva ile kilikuwa chembamba na kigumu. Kila risasi ilikusanya teke lote mahali pamoja, katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Baada ya risasi tano, kifundo cha mkono kilivimba. Alijua kwamba kishikio lazima kibadilishwe. Akakaa uani akafikiri siku mbili. Siku ya tatu akasema, “Mukuba.”

Hapa kwetu mukuba, shaba hiyo, ndiyo jibu la kila swali. Babu zetu waliipika ikawa misalaba ya mahari. Baba zetu waliichimba ikatujengea nyumba. Ndugu yangu alikuwa ameona kwamba uzito unasaidia, akajiambia: nitaongeza uzito, na uzito wa kwetu ni mukuba. Akaenda kwa rafiki yake mwenye tanuru, akayeyusha shaba tupu, akaimimina ikawa kishikio, akakichonga mikunjo ya vidole, akakipaka mafuta mpaka kikawa chekundu kama jua la kiangazi. Kilikuwa kizuri. Alinionyesha kwa mbali, kwa sababu mwanamke hagusi silaha ya buyanga. Hiyo ni sheria yao ya zamani, na mimi sikuwahi kuidharau, ingawa nyama wanayoiua kwa silaha hiyo ni sisi tunaoibeba.

Alienda kuijaribu. Alirudi mapema, mkono umefungwa kwa shati.

Shaba haipokei kitu, inapitisha tu. Ile nguvu yote ilipita ndani yake ikaingia kwenye mfupa. Jasho likafanya kishikio kiteleze, revolva ikazunguka mkononi, ngozi ya kando ya kidole gumba ikapasuka kama ganda la haragwe, na chuma cha juu kikamgonga paji la uso.

Nilimwekea mkono kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu. Hakulia wala hakulalamika. Aliniambia tu, kwa sauti ya chini, “Yaya, imebaki wiki saba.”

Wiki saba mpaka mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza ikinyesha kiangazi kimekwisha, na mzee wa buyanga, Tata Kalombo, anaingia kibandani kuangalia pembe.

Mimi nilikuwa natwanga mihogo mikavu wakati huo. Alikuwa ananitazama, na alipotazama sana nikamwambia, “Unaangalia nini? Mchi hujauona?”

“Naangalia mikono yako. Haiumie?”

“Ingeumia ju ya nini? Uzito uko chini, kwenye kichwa. Mkononi ni mti tu. Na sibane viwiko kama askari. Weye umetengeneza mchi wa kichwa chini-juu, njo maana umepasuka.”

Akautoa mkono ndani ya maji, akautazama. Halafu akaangalia mchi wangu tena, kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayesoma barua.

Jumapili baada ya misa alikuja binti yangu Falonne. Falonne ni fundi vyuma pia, alisomea, na anafanya kazi katika karakana ya kutengeneza mashine za kutoboa mawe. Anavaa ovaroli ya bluu, na wanaume wa pale walimcheka mwezi mmoja, kisha wakaanza kumpangia foleni. Alitazama mkono wa mjomba wake, ambaye anamwita Yomba, akauliza mambo mengi ambayo mimi sikuyaelewa. Mwisho akasema, “Yomba, lete revolva niipime.”

“Hapana.”

“Nitatengeneza namna gani kintu nisichoshika?”

“Mwanamuke hagusake. Unajua.”

“Basi baki na damu yako.”

“Falonne!” nikasema.

“Mama, iko fundi mukubwa, anajua yeye mwenyewe. Anatengeneza bunduki ya mukuba kama sanduku ya kanisa.”

Kabemba alicheka mpaka akashika bega. Mimi nikaleta chakula ili kinywa cha binti yangu kipate kazi nyingine. Tulikuwa na bukari, ugali wetu, na majani ya viazi. Bukari ilikuwa ngumu kidogo, nakiri, maana nilisahau maji kwa sababu ya mabishano. Kabemba akakata tonge kwa mkono wake mgonjwa, akalifinya polepole, jinsi mtu mwenye maumivu anavyofinya. Alipolipeleka kinywani, Falonne akaruka.

“Usikule! Yomba, usikule! Weka pale!”

Tukafikiri ameona mdudu. Falonne akalichukua lile tonge kwa vidole viwili, akaligeuza. Vidole vyote vya ndugu yangu vilikuwa ndani yake: kile kilichokatwa ncha na mashine kule kwenye kampuni, kile kisichokunjika, na bonde lenye kidonda. Mkono mzima ulikuwa pale.

“Mama,” akasema, “pika bukari ingine. Nguvu kuliko hii, kama inawezekana.”

Nikapika. Kabemba akaenda chumbani, akaifunika revolva kwa karatasi ya nailoni, akaigandamiza kwenye bukari mahali kishikio kinapofungwa, upande huu na upande ule. Akatoka na mabonge mawili. Halafu akakamata bonge la tatu kama anavyokamata wakati wa kupiga. Falonne hakugusa silaha. Aligusa chakula.

Mabonge yalianikwa ukutani. Siku ya pili kuku wa jirani walikula kidole gumba chote cha ndugu yangu na nusu ya kiganja. Ilibidi kupika tena. Safari hii Falonne alimwaga plasta ya mafundi nyumba ndani ya alama zile mara moja, na plasta ilipokauka, alikuwa na mkono mweupe wa mjomba wake na mgongo mweupe wa revolva. Akavipeleka Manika ndani ya mkoba wake. Aliniambia mwanamke mmoja kwenye taxi-moto aliona vidole vikichungulia akashuka kabla ya kufika.

Kishikio cha kwanza alichonga kwa mti wa mulombwa. Kilikuwa kinene mno. Cha pili kiliumiza kidole kisichokunjika. Cha tatu alikifanya kipana nyuma, ili teke lisambae kwenye kiganja chote lisidunge mahali pamoja, na kikafunika kile chuma cha nyuma kinachopiga bonde la kidole gumba. Chini akaweka ukingo mdogo ambao kidole cha mwisho kinajishikiza. Juu ya mti akavuta mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uliobana kama soksi, ili jasho lisiteleze.

Na mukuba? Mukuba hakuutupa, maana angemvunja moyo. Aliuyeyusha ule ule, akatengeneza kipande kirefu cha kufungwa chini ya mtutu, mbele, mahali pa kichwa cha mchi. Kabemba alifunga vyote kwa mkono wake, kwa bisibisi ndogo yenye mpini wa njano, mlango umefungwa. Kila ilipokuwa haikai sawa, alitoka nje, akamweleza Falonne kwa maneno, Falonne akakwangua mti, akamrudishia, akaingia tena. Mchana mzima walifanya hivyo. Niliona mlango ule ukifunguliwa na kufungwa mpaka nikachoka kwa niaba yao.

“Risasi tano kwa siku, Yomba,” Falonne akamwagiza. “Ukifika tano, unapumzika, ata kama inakupendeza. Na viwiko usivibane. Mama alisema.”

Nilipenda alivyosema hilo.

Alipiga tano, akapumzika. Kesho yake tano. Alianza na risasi zenye baruti kidogo, kisha zile zenyewe. Mkono ulipona huku ukijifunza. Wiki saba zikawa mbili. Kisha upande wa Tenke mawingu yakaanza kukaa, na usiku ukawa na joto.

Alivuka mto akiwa na mbwa wawili. Kuhusu siku hiyo alisema machache, nami nitasema kama alivyosema. Mbwa walilizuia dume kubwa la nguruwe ndani ya matete, chini ya shamba letu. Akaingia kwa kuinama. Dume likamwona, likaacha mbwa, likamjia yeye. Alipiga. Risasi ikaingia kwenye matope.

“Nilikosa, Yaya. Miaka mitatu nilingojea, na nilikosa.”

“Halafu?”

“Halafu nikaangalia, na mtutu ulikuwa bado pale mbele. Haukuenda mbinguni. Ningekuwa na ile ya mukuba, ningerudi duniani nikute ngulube iko kwenye mapaja yangu. Nikapiga ya pili.”

Dume lilianguka karibu sana hata damu ikaruka kwenye viatu vyake. Alikaa chini kando yake muda mrefu, aliniambia, mikono magotini, na mikono haikuuma.

Sisi tulikuja Kisonge na unga, mimi na Falonne, tukasimama nje ya uzio wa kibanda kama inavyotakiwa. Mlango ulikuwa wazi, na mvua ya kwanza ilikuwa inanukia. Tata Kalombo alikuwa amesimama chini ya pembe ya ndugu yangu, na fimbo ya kushushia pembe alikuwa nayo mkononi. Ni mzee mwenye sauti ndogo, hajawahi kupiga kelele maishani. Aliitazama nyama, akaitazama pembe, akaiweka fimbo kwenye kona. Niliegemea uzio.

Kisha akasema, “Lete silaha nione.”

Kabemba akaiweka mbele yake. Mzee akaigeuza. Akakitia kiganja chake kwenye kishikio, akakunja uso, kwa sababu kile kilikuwa mkono wa mtu mwingine.

“Hii kishikio umenunua wapi?”

Ilikuwa rahisi kusema Lubumbashi. Wote wangeamini. Pembe ilikuwa juu ukutani, nyama ilikuwa chini, na neno moja dogo lingefunga jambo. Nilimwona ndugu yangu akiitazama pembe ya Mwenze, ile iliyotembea kutoka kaskazini.

“Imechongwa na Falonne, mtoto wa dada yangu,” akasema.

Kibandani vichwa vyote vikageuka kutazama uzio.

“Alishika bunduki?” Tata Kalombo akauliza.

“Hakushika. Alishika bukari.”

Mwindaji mmoja akacheka, akaona anacheka peke yake, akakohoa. Kabemba akaeleza yote: mchi, tonge, kuku, plasta. Akaeleza na shaba, na jinsi ilivyompasua, jambo ambalo angeweza kulificha. Mwisho akasema, “Tata, kama ni kosa, fimbo iko pale kwenye kona. Pembe ni yangu, nitaishusha mwenyewe. Lakini ngulube niliipiga na mkono wangu, na mkono wangu nilirudishiwa na huyu mtoto. Siwezi kusimama chini ya pembe ya Mwenze nikasema uongo.”

Tata Kalombo aliendelea kushika kile kishikio. Mkono wake wa pili ulipanda taratibu, kama hajui, ukakaa kwenye bega lake la kulia, ukalisugua. Sisi wanawake tuliliona bega lile kila alipooga mtoni: lina alama nyeusi ya miaka, mahali kalibre 12 inapompiga. Kiangazi kile alikuwa amepiga mara mbili tu.

“Ile bukari,” akasema mwisho, “inaweza kupima ata bega?”

Falonne alikuwa nje ya uzio. Hakupaswa kujibu, lakini alijibu. “Inaweza, Tata. Lakini inahitaji sufuria kubwa.”

Hapo ndipo walicheka wote, hata mzee, kwa ile sauti yake ndogo. Pembe ilibaki mahali pake.

Kabemba alitoka mpaka kwenye uzio. Alikuwa amechoka, na uso wake ulifanana na wa baba yetu Mbayo kuliko nilivyowahi kuuona. Akatia mkono mfukoni, akatoa ile bisibisi yenye mpini wa njano, ambayo mpaka siku hiyo hakuna aliyeishika isipokuwa yeye. Akaipitisha juu ya miti ya uzio, Tata Kalombo akiona bila kukataza, akaiweka kwenye kiganja cha Falonne, akavikunja vidole vya Falonne juu yake kimoja kimoja.

“Anza na bega ya Tata Kalombo,” akamwambia. “Halafu wale wengine, kila mutu na mukono yake. Na ukifika pa kufunga kwenye bunduki, usiniite. Funga weye mwenyewe.”